NGEGE WAZAE KWA MPANGO
Somo kwa vikundi vyenye vidimbwi vya samaki

Wengi wenu mmetuuliza jambo moja: tufanye nini ili tupate vifaranga wetu wenyewe wa samaki, tusiwe tukinunua kila mwaka? Somo hili ni la kujibu swali hilo. Lisomwe katika mkutano kwa sauti, mmoja asome na wengine wasikilize, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

Tukifungua kitabu cha Mwanzo tunaona kwamba samaki walibarikiwa wazaane wakajaze maji kabla mwanadamu hajaumbwa. Basi baraka ya kuzaana wanayo tayari. Ngege hahitaji kubembelezwa sana. Kazi iliyobaki kwetu ni kuchagua nani azae, azalie wapi, na watoto watolewe lini. Kikundi kisichofanya kazi hiyo, baraka yenyewe hugeuka kuwa hasara. Sisi tunalijua hilo kwa sababu lilitupata.

YALIYOTUPATA SISI

Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuinua uchumi, na vidimbwi vya samaki vikachimbwa sehemu nyingi za Kenya. Vifaranga wakatafutwa kila mahali. Kikundi chetu nacho kilichimba kidimbwi kwa jembe, mita 10 kwa mita 20, akina mama na wazee na vijana pamoja. Tukachanga pesa tukanunua vifaranga 500 kwa mtu aliyekuwa na kidimbwi chake. Aliwaleta kwa ndoo, kila mmoja urefu wa kidole. Tukafurahi.

Tuliwalisha pumba, tukatia samadi, tukafyeka majani. Mwezi wa tatu haujaisha, kando ya maji kukajaa watoto wadogo wadogo. Tukasema Mungu ametuzidishia. Hatukumwita mtu yeyote atushauri.

Baada ya miezi minane tulitoa maji. Samaki walikuwa wengi kweli, karai juu ya karai. Lakini aliyekuwa mkubwa kuliko wote alilingana na kiganja cha mkono, na wengi walikuwa kama wale tuliowanunua. Sokoni wateja waliwatazama wakapita. Nyumbani kukawa na maneno. Mweka hazina akashukiwa kwamba alinunua samaki wa bei ya chini akaweka tofauti mfukoni. Wanachama watatu walitoka na hawajarudi hadi leo.

Ndipo tulipomwita afisa wa uvuvi. Alichukua samaki mmoja mdogo, akamfungua mdomo taratibu kwa kidole, na mayai ya manjano yakamwagika kiganjani mwake. Akatueleza kwamba yule tuliyemwita mtoto alikuwa mama. Tangu mwanzo tuliuziwa samaki waliokomaa lakini wakadumaa. Nasi tuliwaacha wazae ovyo, watoto na wajukuu wakala chakula kimoja katika maji yale yale, na hakuna aliyepata nafasi ya kukua. Mweka hazina hakuwa ameiba chochote.

Jambo la kwanza la kushika, basi, ni hili: SAMAKI MDOGO SI LAZIMA AWE MTOTO.

TUMJUE NGEGE ANAVYOZAA

Ngege tunayemzungumzia ni tilapia wa Mto Nile, yule mwenye mistari ya kusimama kwenye mkia. Asili yake ni pamoja na Ziwa Turkana, na katika Ziwa Victoria aliingizwa miaka ya 1950. Ndiye anayefugwa zaidi katika vidimbwi vya nchi yetu.

Maji yakiwa na joto la kutosha, dume huchagua mahali chini na kuchimba kiota kwa mdomo wake, shimo la duara kama bakuli. Mkitoa maji katika kidimbwi mtayaona mashimo hayo mengi. Dume hukilinda kiota na kuwafukuza madume wengine. Wakati huo kichwa na tumbo lake huwa na wekundu. Jike aliye tayari huja, hutaga mayai ndani ya shimo, dume huyarutubisha, na mara moja jike huyaokota yote kwa mdomo wake. Hapo ndoa yao imekwisha. Dume hutafuta jike mwingine, na mama huenda zake na mayai mdomoni.

Mayai huanguliwa kwa siku 4 hadi 6 hivi, lakini watoto hukaa mdomoni mpaka wamalize kile kiini wanachozaliwa nacho. Kwa jumla ni siku 10 hadi 14. Hata wakishatoka, kwa siku kadhaa mama akiona hatari huwarudisha ndani. Muda huo wote yeye hali, au hula kidogo sana. Ndiyo maana jike anayezaa kila mara hubaki mwembamba na mfupi.

Yuko tilapia mwingine aitwaye zillii. Huyo hashiki mayai mdomoni. Dume na jike hukaa pamoja kama mume na mke, hutaga chini na kulinda mayai wote wawili. Msimchanganye na ngege katika kidimbwi cha kuzalishia.

Joto ni jambo kubwa. Maji yakipungua chini ya nyuzi 20 ngege hazai. Kuanzia nyuzi 24 hivi anaanza kuzaa vizuri, na kati ya 25 na 30 ndipo hasa anapopapenda. Kwa hiyo ndugu zetu wa sehemu za ziwani, Busia, Siaya na Homa Bay, wanaweza kuzalisha karibu mwaka mzima. Wale wa sehemu za kati wangoje baridi ya Juni hadi Agosti ipite. Na wale wa baridi kali kama Limuru au Kinangop wasijisumbue na ngege. Nunueni kipimajoto kimoja cha kikundi, mpime asubuhi na alasiri kwa juma zima kabla ya kuanza.

KUTOFAUTISHA DUME NA JIKE

Lowesheni mikono kwanza, maana mkono mkavu humtoa samaki utelezi unaomkinga. Mgeuzeni tumbo juu. Mbele ya pezi la nyuma ya tumbo mtaona tundu la kutolea choo na, nyuma yake, kinyama kidogo kilichochomoza. Kinyama cha dume kimechongoka na kina tundu moja tu kwenye ncha. Cha jike ni kipana zaidi na kina matundu mawili: moja dogo la mkojo, na jingine kama mstari uliolala, ndilo la mayai. Ukihesabu na lile la choo, dume ana mawili na jike ana matatu.

Kama hamwoni vizuri, pakeni wino kidogo mahali hapo kwa pamba, ule mstari utajitokeza. Samaki wa chini ya gramu 30 ni vigumu kumtambua. Kwetu wanaofanya kazi hii vizuri zaidi ni vijana wenye macho makali, na wazee hushika daftari.

KUCHAGUA WAZAZI

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Tukivuna, wakubwa tunauza, wadogo waliobaki tunasema ndio mbegu. Ni sawa na mkulima anayeuza mahindi mazuri na kupanda yale ya mwisho wa gunzi. Fanyeni kinyume chake: kabla ya kuuza, toeni wazazi.

Wazazi wazuri ni wale waliokua haraka kuliko wenzao wa umri mmoja, wenye gramu 150 hadi 250, mwili mnene, mapezi mazima, bila vidonda. Samaki mwenye kichwa kikubwa na macho makubwa huku mwili umekonda amedumaa. Mwacheni.

Wazazi wa kwanza ni vema mkawapate mahali panapojulikana. Kituo cha serikali cha Sagana kimefanya kazi ya samaki tangu 1948, na afisa wa uvuvi wa kaunti yenu atawaeleza mahali pa karibu zaidi. Mwulizeni pia kabla ya kusafirisha samaki kutoka mahali hadi mahali. Madume na majike wasiwe wa tumbo moja. Vikundi viwili vilivyo jirani vikibadilishana madume vinasaidiana sana. Baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, badilisheni wazazi wote.

MAHALI PA KUZALISHIA

Njia rahisi kwa kikundi ni kizimba cha neti ndani ya kidimbwi kile kile. Wataalamu hukiita hapa, na akina mama wetu walicheka sana waliposikia, wakauliza, hapa wapi? Ni neti iliyoshonwa kama sanduku lisilo na kifuniko, mita 3 kwa 2, kimo cha mita 1 na kidogo. Matundu yake yawe madogo kama ya chandarua, watoto wasipenye.

Angalieni sana jambo hili: msitumie chandarua cha mbu kilichotiwa dawa. Dawa ile huua samaki, na chandarua chenyewe kazi yake ni kulinda watoto wenu wasipate malaria. Nunueni neti mpya isiyo na dawa.

Simamisheni nguzo nne, mfunge pembe za juu na za chini. Ukingo wa juu ubaki sentimita 30 juu ya maji kwa sababu ngege huruka. Sakafu ya neti isiguse tope. Hakuna shida kwamba dume hataweza kuchimba, maana hata juu ya neti atachagua pembe yake na jike atataga. Kila juma sugueni neti kwa brashi, matundu yakiziba maji hayapiti.

Wasio na neti wanaweza kuchimba kidimbwi kidogo cha pembeni, mita 4 kwa 5, kina cha sentimita 60 hadi 100, kwa kazi hiyo peke yake.

Maji yawe ya kijani kidogo. Tumbukizeni mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, yametosha. Kikipotea mapema zaidi, acheni kutia samadi. Mkiwakuta samaki alfajiri wamekuja juu wanahema, hewa imepungua ndani ya maji. Ingizeni maji mapya mara moja.

KUWAWEKA PAMOJA

Kwanza watenganisheni madume na majike kwa wiki mbili, kila upande na neti yake, na kuwalisha vizuri mara mbili kwa siku. Pumba peke yake haitoshi. Changanyeni na vumbi la omena au mashudu ya pamba au alizeti. Jike aliyeshiba hutaga mayai mengi, na wakitengwa hivi majike wengi huwa tayari kwa wakati mmoja.

Kisha wawekeni pamoja asubuhi kukiwa baridi: kila dume mmoja na majike wawili au watatu. Kwa kizimba cha mita 3 kwa 2 sisi huweka madume 3 na majike 9. Msipunguze majike. Dume akiwa na jike mmoja tu mahali padogo, humfukuza na kumgonga usiku na mchana, na jike asiye tayari anaweza kufa. Pia madume wasiwazidi majike sana kwa ukubwa.

Baada ya hapo waacheni watulie. Msivute neti kila siku kwa kutaka kuona. Jike akishtuliwa hutema mayai, na mayai yaliyotemwa mara nyingi hupotea. Mtu mmoja awape chakula saa zile zile na kuandika. Mkiona jike amejitenga, koo limevimba na hakimbilii chakula, furahini kimya kimya.

KUWATOA VIFARANGA NA KUWALEA

Kuanzia siku ya 14 nendeni alfajiri mtazame pembe za kizimba. Mtaona wingu la watoto karibu na juu ya maji. Wachoteni kwa neti laini pamoja na maji, msiwashike kwa mkono. Fanyeni hivyo kila siku mbili au tatu, na ikifika siku ya 21 toeni wazazi wote na kukusanya waliobaki. Wazazi wapumzike wametengwa tena kwa wiki mbili kabla ya mzunguko mwingine.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu kifaranga aliyetangulia humla anayefuata. Vifaranga wa mwezi mmoja mkiwaweka na wa juma moja, mtahesabu wachache kesho yake. Kila ukubwa na kizimba chake.

Walisheni unga laini uliochekechwa, wa vumbi la omena na pumba, mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Funikeni kizimba kwa neti kwa sababu mdiria hachoki. Fyekeni majani ya ukingoni yanayoficha vyura. Kwa majuma 6 hadi 8 hivi watafika urefu wa kidole, na safari hii kidole hicho ni cha mtoto kweli.

TUHESABU PAMOJA

Jike wa gramu 100 hutaga mayai kama 100, na wa gramu 200 tukadirie mayai 200. Katika majike 9, mzunguko wa kwanza tuseme ni 3 tu waliotaga. Hiyo ni mayai 600. Nusu wakipotea, tunabaki na vifaranga 300. Mizunguko miwili ni 600. Kidimbwi cha mita 10 kwa 20 kina mita 200 za mraba, na kwa samaki 3 kila mita kinahitaji 600. Mnaona? Samaki 12 tu, wakitunzwa, wanajaza kidimbwi cha kikundi.

Lakini kazi haijaisha. Vifaranga hao nao wakifika miezi mitano au sita wataanza kuzaa. Kwa hiyo wakizidi gramu 30 watengeni kwa mkono. Madume ndio wakuzwe, kwa sababu hukua haraka kuliko majike. Majike waende kwenye sufuria za wanachama, isipokuwa wale wachache mnaowatunza kuwa wazazi wa kesho. Mtakosea wachache, hakuna neno. Wengine huongeza kambare kidogo wale watoto wanaozaliwa, ila kambare awe mdogo kuliko ngege anapoingizwa. Na wale madume wanaotengenezwa kwa homoni, hiyo ni kazi ya vituo vyenye wataalamu, sisi tusiijaribu nyumbani.

Mwisho, zungusheni ua kidimbwi chenu. Hakuna faida ya samaki inayolipa mtoto aliyezama.

TULIVYO SASA

Hatusemi kwamba tumekuwa matajiri. Mzunguko wetu wa kwanza ulitupa vifaranga 140 tu kwa sababu tulivuta neti mara nyingi mno. Wa tatu ulifika 400. Siku tuliyovuna samaki wa kutosha sahani, tuliwapelekea wale watatu waliotoka, kila mmoja fungu lake. Na mweka hazina tulimwomba msamaha mbele ya mkutano, ikaandikwa katika kumbukumbu. Alikubali kuendelea na kazi, ila alitaka jambo moja: kila ununuzi uende na watu wawili, na samaki wafunguliwe mdomo kabla ya pesa kutolewa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Vifaranga wetu wa mwisho tuliwatoa wapi? Tulijuaje kwamba ni watoto?
2. Tukivuna, ni samaki gani tunaowaacha kidimbwini, na kwa nini?
3. Maji yetu yana joto la nyuzi ngapi asubuhi? Nani ataweka daftari?
4. Je, kuna mtu katika kikundi tuliyemlaumu kwa hasara ambayo ilitokana na sisi sote kutojua?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wanachama watano wavue samaki kumi kutoka kidimbwini, wawapime urefu, watambue dume na jike, na wachungulie midomo ya majike. Waandike walichokuta na kukisoma mbele ya wote. Mkikuta mayai katika samaki wa urefu wa kidole, msikate tamaa wala msitafute wa kulaumu. Anzeni kuchagua wazazi.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.